Bei ya Dharura

Simu ilipoita, Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa mteja, kitasa cha zamani kimeshang'olewa, vyuma vyake vimepangwa juu ya gazeti. Nyuma yake alisimama mama mwenye nyumba, ambaye tangu asubuhi alikuwa anauliza kama kazi itaisha leo au ni mambo ya njoo kesho.

"Fundi, nakupigia kutoka shuleni," ilisema sauti ya mwanamke. "Mimi ni karani mpya. Namba yako nimeiona imebandikwa kwenye kabati la dawa. Tunaomba uje utufungulie, ufunguo mmoja haupo."

Fundi akatabasamu. Kabati hilo alilijua kama anavyojua mfuko wa suruali yake. Mwaka uliopita dawa za shule zilikuwa zinaibwa, leo pamba, kesho spiriti, keshokutwa vidonge vya kichwa, hadi Mwalimu Mkuu akamwita atoe ushauri. Ushauri wake ulikuwa makufuli mawili ya chuma kizito, ufunguo mmoja ukae kwa Mwalimu Mkuu na mwingine kwa mhasibu, ili mmoja asiweze kufungua bila mwenzake. Tangu siku hiyo haikupotea hata pamba. Akabandika namba yake mlangoni pa kabati, maana wanasema chema chajiuza, lakini Fundi aliona si vibaya kukisaidia kidogo.

"Niko kwenye kazi ya mtu, mama," akasema, sauti yake ikiwa ya mtu anayejua thamani yake. "Nikiiacha katikati nikakimbilia ya kwenu, hiyo ni bei ya dharura. Mara mbili."

"Hata mara tatu, Fundi, wewe njoo tu."

Jibu hilo likamshtua. Shule ile haijawahi kulipa kitu bila kulalamika kwanza.

"Kwani humo ndani kuna nini?"

"Sindano ya mtoto. Amekula kitu kikamdhuru. Uso umevimba, anavuta pumzi kwa shida. Harakisha, Fundi."

Shule nzima ilikuwa na mtoto mmoja tu mwenye sindano kabatini. Fundi hakuuliza jina. Aliinuka, akaruka vyuma vyake mwenyewe, akatoka mbio kuelekea barabarani huku mama mwenye nyumba akimpigia kelele kwamba utaniachaje na tundu mlangoni, wewe mwanamume una akili kweli?

Alipofika shuleni kwa pikipiki ya kukodi alimkuta Mwalimu Mkuu amesimama mbele ya kabati, jiwe mkononi, miwani imemshuka puani. Kufuli moja lilikuwa limefunguliwa, linaning'inia. La pili lilikuwa limefungwa, limechubuka kwa kupigwa, ila halikuwa limelegea hata kidogo. Lilikuwa kufuli zuri.

"Mhasibu amekwenda benki na ufunguo wake," alisema Mwalimu Mkuu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, ambaye watoto walikuwa hawajawahi kumwona akikimbia. Sasa alikuwa anahema. "Mwalimu wa darasa amempakia mwanao kwenye pikipiki, wamekwenda kituo cha afya. Fungua haraka, Fundi, uwafuate na hiyo sindano."

Fundi akatazama mikono yake. Ilikuwa mitupu. Begi la vifaa alikuwa ameliacha mlangoni kwa watu.

*

Kidoti alikuwa hai. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya alama nyeusi chini ya jicho, na siku hiyo alama yenyewe ilikuwa imemezwa na uvimbe. Alilala kitandani pale kituo cha afya na mpira wa hewa puani, na mama yake amekaa pembeni amemshika kisigino. Mikono ya Mama Kidoti ilikuwa bado inanuka sabuni. Alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi nguo za watu, na alikuwa ameziacha kwenye beseni.

"Wamemfikisha kwa wakati," daktari alisema. Alikuwa kijana, anaongea polepole. "Mzio wa karanga hauna subira. Koo linavimba, njia ya hewa inaziba. Ile sindano mliyopewa ingetakiwa ichomwe palepale shuleni, halafu ndipo aletwe huku. Safari hii mmebahatika. Msiitegemee bahati mara ya pili."

Alipotoka, Mama Kidoti hakumtazama mumewe.

"Nilipeleka ile sindano mwanzo wa muhula," alisema. "Na barua ya daktari. Ilikuwa wapi?"

"Kabatini."

"Kabati gani?"

"Lile, mama Kidoti."

Makufuli yale aliyajua. Mumewe alikuja nayo nyumbani yakiwa mapya, akampa ayapime uzito, na wote wawili walijivunia.

Mtoto akafumbua macho. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwenye mafua mazito. "Baba, rafiki yangu amepigwa?"

"Apigwe kwa nini?"

"Biskuti ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyeomba. Hatukujua kama ndani kuna karanga."

"Hajapigwa na hatapigwa," alisema Fundi, na ilibidi ageuke atazame dirisha.

Mama Kidoti akamfunika mtoto vizuri. Kisha akasema kwa upole ule ambao mumewe aliuogopa kuliko ugomvi: "Mtoto huyu harudi shule ile. Siku nitakayomwona mtu mwingine pale anayeweza kumchoma kama ninavyoweza mimi, siku hiyo atarudi. Kabla ya hapo, asitokee mtu wa kuniambia habari za shule."

*

Wiki ikapita. Kidoti akapona, uso ukarudi, na ukorofi nao ukarudi. Alishinda nyumbani akisoma vitabu vyake juu ya marundo ya shuka za watu, akiyafundisha hesabu mashati yaliyotundikwa kwenye kamba. Mama yake hakuweza kwenda kuchukua kazi za mbali, wala hakuthubutu kumwacha. Fundi akaona heri aende mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu.

Alikalishwa kwenye benchi la wanafunzi waliochelewa, magoti yakikaribia kidevu. Karani mpya alikuwa mezani kwake. Alimtazama, akatazama karatasi zake, akamtazama tena.

"Samahani, Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Ile siku sikujua kama ni mwanao."

"Najua."

"Sasa ile bei uliyosema... niiombee kwa mkuu, au?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mgeni kazini na alitaka kila jambo liende kwa utaratibu. Lakini Fundi aliisikia damu ikimpanda hadi masikioni, na angependa sakafu ya saruji ipasuke immeze pale pale na benchi lake.

"Acha, mama," akasema. "Acha kabisa."

Mwalimu Mkuu alimpokea vizuri, akampa pole kwa mara ya nne, kisha akafungua faili.

"Nimesoma waraka wetu mwanzo hadi mwisho, Fundi. Dawa zote za wanafunzi zitunzwe mahali palipofungwa. Wewe mwenyewe ulituambia hapa hapa kwamba dawa isiyo na kufuli ni ya mwizi."

"Nilisema, Mwalimu. Nilikuwa nawaza mwizi. Sikumwaza mgonjwa."

"Na tukiiweka wazi, nani amchome? Walimu wangu si manesi. Mwalimu akichoma mtoto, mtoto akafa, anayekwenda kujibu ni nani?"

"Na asipomchoma akafa?"

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefika kwenye kiti kile kwa kutofanya makosa, na jambo hili halikuwa na upande usio na hatari.

"Mwacheni kwanza nyumbani," akasema hatimaye. "Tutamtumia kazi za darasani. Muhula ujao tutaona."

"Mtoto wa miaka tisa asome na mashati, Mwalimu?"

"Kuna kikao cha wazazi Jumamosi. Lilete huko. Wazazi wakikubali, mimi nitakuwa wa kwanza."

*

Mama Kidoti alikuwa anapiga pasi mumewe aliporudi. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Mwishoni Fundi akabaki amesimama, anachezea bawaba ya dirisha iliyokuwa haina tatizo lolote.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Siku ile karani aliponipigia, kabla sijajua ni nani anayeumwa, nilimwambia bei ya dharura."

Pasi ikasimama.

"Ulimwambia nini?"

"Mara mbili."

"Mara mbili," Mama Kidoti akarudia. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kwenye kola ya shati la mtu, akaiinua pasi haraka, akaikunguta kola kwa vidole. Fundi alingoja tusi. Angelipokea kwa mikono miwili. Badala yake mkewe aliketi juu ya kigoda, akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na kikaishia kwenye machozi. Akajifuta kwa kanga.

"Baba Kidoti, ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ungebishana naye bei?"

"Ningebishana," Fundi akajibu, maana uongo haukuwa na faida tena. "Sio sana. Kidogo."

"Basi nenda kaliseme hilo kikaoni."

"Watanicheka, mama Kidoti."

"Wacheke. Shuleni wanajua habari ya mzio kwa barua ya daktari, na barua haimuumizi mtu. Waambie ya kwako."

*

Kikao kilifanyika darasani, wazazi wamebanwa kwenye madawati ya watoto wao. Yalizungumzwa masuala ya choo, ya ukuta, ya daftari. Mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao kwa miguu chini ya madawati, Mwalimu Mkuu akamwita Fundi.

Akaeleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, akitaja karanga mara kumi. Muuza vipuri mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya dukani, akanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Pole kwa mwanao, Fundi. Lakini tuseme kweli. Watoto hapa ni mia sita. Kwa ajili ya mmoja tuweke sindano hadharani, wengine wachezee? Mtoto wa namna hiyo si akae nyumbani mpaka akue?"

Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba siku hizi watoto wana magonjwa ya ajabu, zamani tulikula mpaka udongo. Mama Kidoti, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akamtazama mumewe tu.

Fundi akajikohoza.

"Makufuli yale niliyafunga mimi," akasema. "Wazo la funguo mbili ni langu. Nililipwa na nikashukuru. Siku ile nilipopigiwa simu nije nifungue, niliambiwa kuna haraka. Mnajua nilijibu nini? Nilijibu kwamba bei ni mara mbili."

Kicheko kikapasuka upande wa madirishani. Muuza vipuri akapiga dawati kwa kiganja.

"Ndiyo, chekeni. Nilitaja bei, ndipo nikauliza kuna nini ndani. Nikaambiwa kuna mtoto anashindwa kupumua. Mtoto mwenyewe alikuwa wangu."

Kicheko kikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Ninyi hamjapigiwa simu," akaendelea. "Mimi nisingekuwa nimepigiwa, leo ningekuwa nimekaa hapo kwenye dawati nasema mtoto wa mwenzangu akae nyumbani. Najijua. Sina zaidi."

Akaketi. Kisha mwalimu wa darasa, kijana mwembamba aliyekuwa ameegemea ubao, akasema bila kuombwa:

"Mimi ndiye niliyembeba. Nilimshika kifuani kwenye pikipiki ili nisikie kama bado anapumua. Kuna mahali, karibu na daraja, sikusikia." Akameza mate. "Niliwaza kwamba dawa yake iko nyuma yangu, nzima, kwenye kabati, na mimi nakimbia kutoka ilipo. Mimi si nesi. Lakini nifundisheni. Sitaki kumbeba tena hivyo."

Mhasibu, mzee mwenye mvi, alikuwa amekaa kona ya mbali kikao chote kama mtu aliyeshtakiwa. Aliinuka akatembea hadi mezani, akaweka ufunguo wake mbele ya Mwalimu Mkuu, akarudi kukaa.

Mwalimu Mkuu akautazama ufunguo. Kisha akamtazama muuza vipuri.

"Una neno, mzee?"

"Neno gani tena?" alisema muuza vipuri, akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. "Ila hiyo sindano ikae juu, watoto wasiifikie."

*

Fundi alitengeneza kisanduku mwenyewe. Ndani ya maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutengeneza kitu kinachofungwa bila kufuli, na mikono yake ilikataa kama punda. Mara mbili alijikuta ametoboa tundu la kitasa, akalitupa bati, akaanza upya. Mafundi wenzake wa jirani walimtania mpaka wakachoka, wakisema mzee sasa amestaafu, anawatengenezea wezi. Kilipokamilika kilikuwa cha bati jekundu, mfuniko umeshikwa na uzi mwembamba tu, ambao mtu mzima angeukata kwa kidole, na ukikatika kila mtu angeona kwamba kimefunguliwa. Kikatundikwa juu ukutani mwa chumba cha walimu.

Siku ya mafunzo nesi wa kituo cha afya alikuja na sindano ya mazoezi, nene kama kalamu ya kuandikia ubaoni, isiyo na ncha wala dawa. Walikusanyika Mwalimu Mkuu, mhasibu, karani, mwalimu wa darasa na walimu wengine watatu. Kidoti alisimama katikati amevaa sare yake iliyopigwa pasi mpaka imesimama yenyewe. Mama yake alikuwa mlangoni, begi la shule la mtoto limebaki begani kwake. Alikuwa hajalitoa.

Nesi akaonyesha. Unashika kwa ngumi. Unatoa kizibo. Unagandamiza upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo, mpaka usikie mlio, unahesabu kumi bila kuondoa. Halafu hospitali, hata kama mtoto anasema amepona.

Mwalimu wa darasa akafanya, akafanya tena. Mhasibu akafanya huku midomo ikihesabu. Ikafika zamu ya Mwalimu Mkuu. Akapiga goti mbele ya Kidoti, akainua mkono, na mkono ukabaki hewani. Walimu wakatazama sakafu kwa heshima yake.

"Ni ya mazoezi tu, Mwalimu," nesi akasema.

"Najua ni ya mazoezi."

Lakini mkono haukushuka. Alikuwa anaona siku nyingine, na wote walijua ni siku gani.

Kidoti akainama, akaweka kiganja chake juu ya bega la Mwalimu Mkuu, kama anavyofanyiwa yeye na mama yake.

"Mwalimu, usiogope," akasema. "Anayechomwa ni mimi."

Mwalimu Mkuu akafumba macho, akayafumbua, akagandamiza. Mlio ukasikika. Akahesabu moja hadi kumi kwa sauti, na alipofika kumi machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni mbele ya walimu wake wote, wala hakuyafuta.

"Tena," alisema Mama Kidoti kutoka mlangoni.

Akarudia. Mama Kidoti akasema tena, na karani naye afanye, na yule mwalimu wa mwisho aliyejificha nyuma afanye mara mbili, sasa mtoto akiwa amelala chini, sasa akiwa anarusharusha miguu, jambo ambalo Kidoti alilifanya kwa furaha kubwa mno. Hakuna aliyenung'unika. Kisha Mwalimu Mkuu akainuka, akajipangusa magoti.

"Mama, umeridhika?"

"Sijaridhika, Mwalimu," akajibu. "Sitaridhika mpaka amalize shule." Akalitelemsha begi begani, akamvalisha mtoto, akaivuta mikanda ikae sawa, akailegeza, akaivuta tena. "Lakini leo aende darasani."

Kidoti hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alitoka mbio barazani, mwalimu wake akimfuata kwa hatua ndefu, na kutoka darasani ilisikika kelele ya watoto kama ya watu waliofunga goli. Mlango ukafungwa. Kelele ikazimika, na sauti ya mwalimu ikaanza kusoma.

"Hata hakugeuka," alisema Mama Kidoti.

"Ageuke ya nini? Yuko shuleni," Fundi akasema.

Akamshika mkewe kiwiko ili waondoke. Nguo za watu zilikuwa zinangoja, na yeye alikuwa na mlango wa kwenda kufungua. Mama Kidoti akapiga hatua mbili, akafika kwenye lile benchi la waliochelewa, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Wewe tangulia," akasema. "Mimi nakaa kidogo."

Alikaa hadi saa ya kutoka.